Magauni Manne ya Lamis

Itidal alipopewa kadi ya kijani, maana yake mzima, aende zake nyumbani, Mama Naji alijimwagia chai mkononi wala asiihisi. Wanawake wengine kumi na wanne wa kundi lile la Jumanne walipewa kadi nyekundu, na wote walikuwa wanacheka.

Mama Naji hakuwa daktari. Alikuwa mpika chai wa kituo cha tiba ya nafsi kilichofunguliwa katika mji wa pwani wa Trablus, juu ya duka la halua, kwa fadhila za watu wa mbali wenye huruma nyingi na fomu nyingi zaidi. Kabla ya hapo alishona nguo miaka thelathini na minne katika mtaa uleule, hadi macho yalipoanza kugombana na tundu la sindano; siku hizi alishona za majirani tu, taratibu. Mtu akipanda ngazi, yeye ameshajua bega lipi limeshuka, nani amekonda tangu Shaabani, na mchumba yupi anadanganya kuhusu kiuno chake.

Mwenye kituo alikuwa Daktari Elias. Baba yake mtu wa hapo hapo, mama yake Mswidi, Kiarabu alikisomea chuoni. Alikuwa na moyo safi, Mungu amzidishie, ila aliiamini karatasi kupita kiasi. Ungemwambia nyumba inaungua, angekuomba ujaze fomu ya moto.

Tiba yake ilitoka katika kitabu kilichotungwa kwa watu wa nchi za theluji. Wafadhili, na hapa tuwape haki yao, waliandika kwamba tiba lazima ikatwe kwa kipimo cha kila kundi la wagonjwa: wajane na yao, waliotoka vitani na yao, waliofiwa na watoto na yao. Mama Naji aliposikia alifurahi, akasema hatimaye wamekuja watu wanaojua kushona. Daktari Elias akajifungia wiki tatu akikata kwa kipimo. Alipotoka, Lena wa kitabuni alikuwa amekuwa Leila, mbwa amekuwa kondoo, na ziwa la barafu limekuwa bahari. Basi, kazi imekwisha. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hii daktari alikuwa ameibadilisha vifungo.

"Fumba macho," alisoma. "Uko ufukweni, mahali pa amani. Uko peke yako. Hakuna mtu."

"Hakuna mtu?" Bahija, mke wa muuza samaki, akafumbua macho. "Wameenda wapi? Wamekufa?"

Ikawa zogo. Mwishowe wote wakaingia ufuo wa Bahija pamoja na mama wakwe zao na sinia tatu za kibe, vile vitonge vya nyama na ngano, na daktari akaandika: zoezi limeshindikana.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa swali la tisa la fomu: je, mgonjwa anataja kifo au maziko yake? Jamani! Katika mji ule mama hamwiti mwanawe bila kumwomba amzike. Unizike, kunywa maziwa. Unizike, funga mlango. Ni mapenzi hayo: nitangulie mimi, nisiione dunia isiyo na wewe. Bahija peke yake aliisema mara kumi na moja kwa saa moja, mara moja akimwambia paka. Daktari aliandika zote huku jasho linamtoka, akaamini mtaa mzima uko ukingoni mwa kaburi, akawagawia kadi nyekundu.

Itidal tu ndiye hakuisema. Mwanawe Anas, kijana wa miaka kumi na tisa, alianguka kutoka jengo alilokuwa akilipiga lipu, akazikwa mwezi wa Rajabu. Kundini Itidal alikaa kimya na bintiye Lamis wa miaka sita, akajibu hapana, hapana, sijambo, alhamdulillahi. Akapata kadi ya kijani.

Na siku tatu nyuma Itidal huyohuyo alimletea Mama Naji kitambaa cha buluu, kingi. "Mshonee Lamis magauni manne. La miaka saba, la minane, la tisa, na la kumi."

"Mtoto hakui kwa kalenda, mwanangu. Nitampima kila mwaka."

"Yashone tu yote, Mama Naji. Kisia."

Siku ile Mama Naji alidhani mwenzake anabana matumizi. Sasa alipoiona kadi mkononi mwa Itidal, aliweka birika chini. Akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Daktari, mwanangu, Itidal usimwachie."

"Mama Naji, alama zake ni nzuri kuliko zangu mimi."

"Kaniagiza magauni ya mtoto ya miaka minne mbele!"

"Anapanga ya mbele? Dalili njema hiyo." Akachukua kalamu aiandike.

"Weka kalamu chini! Mama atakayekuwepo hashonishi ya miaka minne kwa siku moja. Humleta mtoto, nikampima, akanigombeza kwamba gauni nimelifupisha. Huyu hatarajii kuwepo anigombeze."

Daktari akaiweka kalamu. "Na hawa wa kadi nyekundu?"

"Hao wazima kama punda! Wanaomba watoto wawazike wao, maana ndiyo zamu ilivyo. Yeye alimwambia Anas 'unizike' miaka kumi na tisa, kisha akamzika yeye. Leo neno hilo atalitamkaje?"

Daktari Elias akawa mwekundu hadi masikioni. Na hili naliandika kwa heshima yake: hakutafuta fomu. Alishuka ngazi mbilimbili, akamkuta Itidal mlangoni pa duka la halua, akamuuliza kwa Kiarabu chake cha vitabuni, "Bibi, yale magauni ni ya nini?"

Itidal alimtazama Mama Naji, aliyeshuka nyuma ya daktari, kama msaliti. Kisha akakaa kwenye ngazi, akalia kilio ambacho hakukilia tangu Rajabu, na baadaye akasema alichokificha nyumbani cha kujitoa roho, na mahali kilipo. Bahija, na kadi yake nyekundu, ndiye aliyekwenda kukiondoa, kisha akahamia kwa Itidal na godoro lake bila kualikwa. Daktari akawa anakwenda kila asubuhi. Ufuo usio na watu hakuutaja tena.

Mama Naji alishona gauni moja tu, la miaka saba. Kitambaa kilichobaki alikirudisha. "La minane njoo mwakani. Mimi sikisii."

Mwaka ukazunguka, Itidal akaja na bintiye kituoni. Lamis alisimama juu ya kigoda akijinyonganyonga, Mama Naji yuko magotini, pini zimejaa mdomoni.

"Umelifupisha," alisema Itidal. Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe simama vizuri, unizike."

Daktari Elias alikuwa anapita na jalada lake. Akasimama, akatoa kalamu. Mama Naji hakuweza kusema kwa zile pini, akamkodolea macho tu, machozi yanamtiririka.

Daktari akairudisha kalamu mfukoni.