Mnyama Kifuani mwa Mfalme

Siku hizi petroli inauzwa kandokando ya barabara kwenye chupa za maji, na vijana wa bodaboda wanapojaza matangi yao karibu na nyumba yangu hapa Babati, harufu yake huingia mpaka jikoni. Wengine wakiisikia hufikiria safari. Mimi humfikiria mfalme mwenye ndevu aliyevaa mnyama kifuani, na meza ya Mjomba Elia.

Mjomba Elia alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa pembeni mwa soko, chini ya bati moja lililoegemezwa ukutani, na juu yake palikuwa na kisahani cha petroli alimooshea vyuma vya saa, vingine vidogo kama mbegu za mchicha. Alikuwa mdogo wake mama yangu. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yao, Rebeka, yeye hakuniita Rebeka hata mara moja. Aliniita mama. "Shikamoo, mama," alikuwa akiniambia mtu mzima yule, nami nimesimama mbele yake na sare ya darasa la nne na magoti yenye vumbi. "Marahaba, mwanangu, umekula?" nilimjibu kwa sauti nzito, na wateja waliangua kicheko. Hatukuuchoka mchezo huo.

Mambo ya sarafu yalianza na saa ya mfukoni iliyoletwa na mzee mmoja wa vijijini. Saa ilikuwa imekufa kabisa, lakini kwenye mnyororo wake ilining'inia sarafu ya fedha. Mjomba aliniwekea jichoni lenzi yake, ile kama kikombe kidogo ambayo mafundi saa huibana kwa kope. Ilikuwa na ufa. Kwa hiyo malkia wa kwanza niliyemwona maishani alikuwa na kovu kutoka kwenye taji mpaka kidevuni, na nilidhani ndivyo alivyozaliwa. Jioni nilirudi nyumbani Bagara nikiangalia kila kitu kwa jicho moja, mpaka mama akauliza nani amenipiga.

Ilikuwa rupia ya India, ya wakati Waingereza walipoitawala nchi ile. Mjomba alinieleza kwamba zamani rupia hizo zilitembea mpaka huku kwetu bara, na kwamba wazee wengi bado walikuwa nazo, zimetungwa kwenye shanga au zimesahauliwa ndani ya vibuyu. Tukaanza kuzitafuta. Siku ya mnada yeye alimtia mtu mkanda mpya wa saa, akapewa sarafu badala yake. Mimi niliwasumbua bibi za wanafunzi wenzangu.

Nilizipanga kwa nyuso. Walikuwepo Malkia, Kipara na Ndevu. Majina ya kweli ya wafalme hao niliyajua baadaye sana. Zilikuwepo pia za shaba, robo ana, chenji ndogo ya rupia, ambazo wazee waliziita pesa tu. Mjomba alisema neno hilo tulilipata kwa Wahindi, likabaki vinywani mwetu hata sarafu yenyewe ilipokwisha kuondoka. Moja ya shaba ilikuwa na simba wawili na jina la kampuni. Nilikaa siku nyingi nikijiuliza kampuni inawezaje kuwa na pesa yake yenyewe, kama nchi.

Kila sarafu niliilaza chini ya ukurasa wa daftari, nikasugua penseli polepole mpaka uso ukajitokeza kwenye karatasi. Chini niliandika namba, mwaka, na jina la aliyetupatia. Mjomba alikuwa na msemo wake: "Jicho kwanza, mkono baadaye." Siku moja nilimuuliza, "Na mdomo je?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Mdomo haumo kwenye ufundi, mama."

Namba kumi na nne ilitoka kwa Bibi.

Bibi Rebeka aliishi Nakwa, na alifuga nguruwe watatu, mmoja wao jike kubwa tuliloliita Mwenyekiti kwa jinsi lilivyotangulia kula kabla ya wengine. Likizo zote niliwalisha mimi. Bibi alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kuliko zote, hasa tukipepeta mbaazi. Baba yake, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Alienda mbali kusini, na wengi alioondoka nao hawakurudi. Yeye alirudi na mguu usiokunjika, na rupia moja iliyofungwa kwenye pindo la shuka. Watu wakamcheka kwa kurudi na rupia moja. Akawaambia, "Mguu wangu umebaki huko. Hii ndiyo iliyorudi badala yake." Hapo Bibi alikuwa akiongeza, "Na huo mguu nilipewa mimi siku ya kuolewa." Ndivyo alivyoiita rupia ile, mguu wa baba.

Aliposikia habari za daftari langu aliitoa kwenye kimfuko cha ngozi, akaniwekea mkononi. "Una jina langu," alisema. "Elia ameiomba tangu ana ndevu tatu. Sikumpa, kwa sababu yeye huvifungua vitu."

Nilikimbia nayo hadi sokoni. Mjomba aliipokea, akamtazama babu yake mikononi mwake, nadhani ndivyo nieleze, kwa maana hakuiangalia kama sarafu. Kisha akanipa na lenzi. Mfalme alikuwa Ndevu, mwaka 1911. Chini ya ndevu palikuwa na mkwaruzo mfupi, kana kwamba amejikata akinyoa. Na kifuani, kwenye mapambo ya joho lake, alisimama mnyama mdogo sana.

"Nguruwe!" nilisema.

"Ni tembo huyo," alisema Mjomba. "Ndevu wote wana tembo."

"Mimi nalisha nguruwe watatu, Mjomba. Huyu ni nguruwe."

Mama Safari, aliyeuza samaki hatua chache kutoka pale, alijifuta mikono kwenye kanga akaja. Alibana lenzi jichoni kwa muda mrefu. "Nyote hamjui," akatangaza. "Huyu ni kiboko. Wa hapahapa ziwani."

"Mfalme wa Waingereza avae kiboko wa Babati?" aliuliza Mjomba.

"Kwani yeye ni nani asimvae?"

Soko lilicheka, na kwa wiki nzima Mama Safari akiniona alikuwa akikoroma kama nguruwe. Sikujali. Niliandika kwenye daftari: Na. 14. 1911. Bibi. Nguruwe.

Baada ya siku chache nilimkuta mgeni mezani kwa Mjomba, mtu wa Arusha aliyevaa shati jeupe, ambaye alizungukia minada akitafuta vitu vya zamani. Alikuwa ameshika namba kumi na nne kwa ncha za vidole viwili. Mkusanyo wote tuliuweka kwenye kopo la biskuti chini ya meza, kwa hiyo sikuona ajabu. Waliponiona waliacha kuongea. Mgeni akanisalimia vizuri mno.

Kesho yake Mjomba alinikalisha kwenye stuli yake mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa huzuni.

"Mama," alisema, "ulisema kweli. Ni nguruwe."

Nilifurahi hadi nikapiga makofi.

"Sasa fikiri. Mfalme anaweza kuvaa nguruwe? Tembo ni mnyama wa kifalme. Aliyetengeneza hii hakumjua tembo. Hii ni bandia, mama. Umeigundua wewe mwenyewe, kwa jicho lako."

Mpaka leo nastaajabia ustadi wa maneno yale. Hakunipinga. Alichukua kile nilichokiona sawasawa, akakigeuza kuwa ushahidi dhidi yangu, na akanisifu. Kisha akanipa Ndevu mwingine wa kuziba pengo, anayeng'aa, mwenye tembo wa mkonga mrefu, akaniambia hii ya bandia ataitupa isije ikachanganyika na nyingine. Nikamshukuru. Niliazima kalamu nyekundu kwa mwalimu, nikaandika kando ya namba kumi na nne kwa herufi kubwa: BANDIA.

Lililofuata hakunituma mtu. Jumamosi ile nilikwenda Nakwa na daftari kwapani, nikakaa kwenye kigoda mlangoni, na Bibi akaanza kupepeta mbaazi. Mtoto aliyejua jambo ambalo wakubwa hawalijui hana mahali pa kuliweka.

"Bibi, ule mguu wa baba yako. Nimeuchunguza. Ni bandia."

"Bandia ndiyo nini?"

"Si rupia ya kweli. Ni ya kudanganyia watu."

Ungo ulisimama. Maganda machache yaliendelea kupeperuka, yakatua juu ya miguu yake. Nilimweleza habari za tembo na nguruwe kwa utaratibu, kama mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe walimdanganya," alisema. "Mzigo wote ule."

Akaendelea kupepeta.

Krismasi tulikusanyika wote Nakwa. Baada ya chakula mama yangu alisema, kama ilivyokuwa desturi, "Mama, watoto wanasubiri habari ya mguu." Bibi alikuwa akikusanya sahani. "Hiyo nimeisahau," alijibu. Mama akacheka, akadhani ni utani, akamkumbusha mwanzo. Bibi aliingia jikoni. Namkumbuka Mjomba akiwa amekaa mkabala nami, akikitazama kikombe chake cha chai kana kwamba kina vyuma ndani. Shingoni alivaa lenzi mpya nyeusi isiyo na ufa. Baadaye alinivisha mimi, nikamwona tembo wangu kwa uzuri ambao sikuwahi kuuona. Nilidhani lenzi hiyo amepewa zawadi ya Krismasi.

Bibi hakuisimulia tena. Alifariki nikiwa nimemaliza darasa la saba.

Sikusoma sana shuleni, lakini sikuacha kusoma. Vitabu vya sarafu niliviazima kwa watu, nikavisoma na kamusi pembeni, na simu zilipokuja nikasoma kwenye simu. Sasa nina sarafu nyingi, kila moja kwenye bahasha yake. Miaka michache iliyopita, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilikutana na habari za rupia ya mwaka 1911. Aliyeichonga alimfupisha mkonga tembo wa mfalme, na watu wa India walipoiona walisema mfalme amevaa nguruwe. Waislamu walichukizwa. Serikali ikazizuia, nyingi zikayeyushwa, mwaka uliofuata tembo akachongwa upya. Chache zilizokwisha kuingia mikononi mwa watu ndizo wakusanyaji wanazozitafuta.

Nililitoa daftari. Lilikuwa limeliwa na mende pembeni, lakini namba kumi na nne ilikuwa nzima: ndevu, mkwaruzo, na yule mnyama mdogo mwenye pua fupi. Nilimweka chini ya lenzi. Jicho la mtoto wa miaka kumi lilikuwa limeona sawa.

Mjomba anaishi Bagara kwa binti yake. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alizitambua hatua zangu kabla sijafika kizingitini.

"Shikamoo, mama!"

"Shikamoo, Mjomba," nilisema.

Alisubiri jibu lile jingine. Hakulipata, akaelewa kwamba sikuja kumsalimia. Nilimsomea niliyoyasoma. Kisha nikaweka ukurasa mapajani mwake. Aliupapasa kwa kidole gumba, ingawa penseli haina kitu cha kupapasa.

"Ulipewa nini?" niliuliza.

"Lenzi. Ile nyeusi." Aliendelea kuupapasa ukurasa. "Rupia ile ilikuwa ya babu yangu, Rebeka. Nilikuwa mwanamume pekee. Bibi yako akakupa wewe, mtoto wa kike wa darasa la nne, ukaichoree penseli."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

"Ungeniomba, ningekupa."

"Najua. Basi ndiyo maana sikuomba." Aligeuza uso kuelekea kwenye mwanga wa mlango. "Lakini mama yangu sikumdanganya. Mimi nilikwambia wewe. Mama aliambiwa na wewe."

Nimeligeuza neno hilo pande zote, kama nigeuzavyo sarafu, na silioni kasoro yake. Ni kweli. Nilikimbia na habari ambayo hakuna aliyenituma niipeleke, kwa sababu ya raha ya kujua. Kwa miaka mingi nilidhani Bibi aliacha kusimulia kwa uzee. Sikujua kwamba nilikuwa nimemwua baba yake mara ya pili, na mara hii bila hata rupia moja.

"Krismasi ulikuwepo," nilimwambia.

"Nilikuwepo," alisema.

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Chini ya lile neno jekundu niliandika kwa penseli: Si kweli. Ni halisi. Neno la kwanza sikulifuta, kwa sababu daftari langu huonyesha pia nilipokosea.

Lakini Bibi hakujua kusoma. Uongo ulimfikia kwa mdomo, na ukweli nao ungemfikia kwa mdomo tu. Aliishi miaka mitatu zaidi baada ya Jumamosi ile ya mbaazi. Kila Jumapili, ibada ikiisha, Mjomba Elia alipita Nakwa, akakaa kwenye kigoda kile kile nilichokikalia mimi, akanywa chai ya mama yake, akamwuliza kama saa ya ukutani inakwenda vizuri.