Strima Iliyoachwa kwenye Jiliwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituo cha samaki cha Jinja mapema mno, nikakuta mlango una kufuli, nikaanza kujiuliza kama nimekosea siku, au mji, au kama barua niliyotumiwa ilikuwa ya mtu mwingine mwenye jina kama langu. Ilikuwa mwaka uliofuata kufukuzwa kwa Wahindi, chini ya serikali ya jeshi. Nilikuwa na shahada ya elimu ya wanyama, viatu vya kuazima, na barua ya ajira niliyoikunjua mara nyingi hadi ikaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Msimamizi wa Kituo alikuja na mwavuli mkononi ingawa hakukuwa na wingu hata moja. Alikuwa Msoga, mwenyeji wa pale, mrefu, mpole, asiyeharakisha neno. Aliisoma barua yangu, akairudisha.

"Unajua kushona?"

"Sijui, bwana."

"Kufunga kamba za viatu?"

"Hiyo najua."

"Basi tutaanzia hapo."

Alinipeleka katika chumba chenye dirisha moja lililotazama mto. Mezani palikuwa na jiliwa dogo, kile chombo cha mafundi chenye meno mawili ya chuma, ila hili lilikuwa jembamba kiasi cha kubana ndoana moja tu. Na ndoana ilikuwamo. Ilikuwa imefungwa uzi mweusi, ikavikwa karatasi ya fedha, ikawekwa nywele chache nyeupe juu, kisha kazi ikasimama hapo. Uzi ulikuwa bado unaning'inia na kijiti ulichoviringiwa, kana kwamba mtu ameinuka kwenda kunywa maji.

"Hiyo ni strima," alisema Msimamizi. "Aliiacha Fundi Mkuu. Usiiguse kwanza. Itazame."

Niwaeleze ninyi vijana, maana siku hizi kazi hii wachache wanaijua. Strima ni chambo bandia cha manyoya au nywele, kirefu kuliko vile vinavyoiga nzi, kwa sababu chenyewe kinaiga samaki mdogo anayekimbia. Kwetu kiliiga mukene, wale dagaa wa ziwani. Kituo kilihitaji strima kwa kazi ya kuwavisha alama kisinja, samaki mkubwa wa maji ya kasi, ili tujue anapanda wapi na anashuka wapi tangu mto ulipozibwa kwa bwawa la umeme. Kisinja wa wavu, tuliyemnunua kwa wavuvi wa Masese, alifika kwetu amechubuka magamba na hakuishi. Aliyenaswa mdomoni kwa ndoana moja alivishwa alama, akarudi majini mzima. Kwa hiyo utafiti wote ulining'inia kwenye uzi wa Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu alikuwa Singasinga aliyezaliwa pale pale Jinja. Amri ya kuondoka ilipotoka alikuja kazini kama kawaida hadi siku yake ya mwisho, akafanya kazi mpaka mchana, akamshika kila mtu mkono, akaenda. Kilichobaki ni jiliwa, mkasi, nta, na ile strima isiyomalizwa.

Niliitazama kama robo saa. Kisha nikaanza kuwaza. Je, Msimamizi akirudi akanikuta nimekaa tu? Je, "itazame" ni mtihani? Mtu mwenye shahada anaweza kutazama kitu nusu saa bila kufanya lolote? Nikashika uzi. Nikaona nywele ni chache, nikaongeza. Zikakaa upande, nikaongeza uzi. Uzi ukateleza mbele, nikaurudisha kwa uzi mwingine. Nilipokwisha, kichwa cha strima kilikuwa kama punje ya mtama, na jicho la ndoana, kile kitundu cha kupitishia mshipi, lilikuwa limezibwa.

Msimamizi alirudi, akainama, akaitazama kwa muda mrefu.

"Imenenepa," alisema, akatoka. Niliitia strima ile katika kiberiti kitupu kwa aibu, nikaificha mtotoni mwa meza.

Aliyenifunza kazi siku kwa siku alikuwa Mshona Nyavu, mama wa kijiji cha Wanyange aliyekaa chumba cha pili akiziba matundu ya nyavu za utafiti. Aliniita Msomi, na jina hilo kinywani mwake halikuwa sifa. Vifaa vya dukani vilikuwa vimekwisha, basi yeye ndiye aliyenionyesha pa kupata vingine. Karatasi ya fedha tuliitoa ndani ya pakiti za sigara. Nywele tulizikata kwenye mikia ya mbuzi weupe kwa mchinjaji. Badala ya vanishi ya kugandisha uzi tulitumia rangi ya kucha, na mara ya kwanza nilipoiomba dukani muuza duka aliniuliza kama ni ya mkono au ya mguu.

Nilifunga strima kwa miezi miwili. Zilipendeza kuzitazama, na zote zilifumuka. Samaki wa kwanza aling'oa nywele, wa pili akabaki na uzi. Niliandika sababu zinazowezekana kwenye karatasi: chokaa ya maji, unyevu wa uzi, mafuta ya vidole vyangu, umri wa mbuzi. Zilifika kumi na nne.

"Msomi," alisema Mshona Nyavu akichungulia, "unaandika barua kwa samaki? Atakujibu lini?"

Hali ingeendelea hivyo kama si Meja. Huyu alikuwa afisa wa kambi ya jeshi aliyependa kuvua chini ya bwawa, na zamani alizoea kupewa strima na Fundi Mkuu; sasa Msimamizi alimpa zangu. Jumatano moja alikuja na gari lake la wazi na askari wawili, akaingia bila hodi, akafungua kiganja. Ndani palikuwa na ndoana isiyo na nywele, imebaki na kichwa cha uzi uliolowa. Nilikijua kile kichwa cha mtama: ilikuwa mojawapo ya zangu.

"Nani alitengeneza hii?"

Nilifungua mdomo. Msimamizi alikuwa mbele yangu tayari.

"Mimi, afande."

"Wewe ni kinyozi? Samaki ameenda na nywele yote kwa mdomo. Sasa iko na ndevu kushinda mimi."

Askari walicheka. Meja naye alicheka, kisha akaacha.

"Jumamosi nakuja na wageni ya Kampala. Nataka sita. Kama ile ya yule Singa. Na wewe utaenda na mimi. Kama inafunguka tena mbele ya wageni yangu, utaingia kwa maji, utashika samaki na mkono."

"Sawa, afande."

Gari liliondoka. Mliozaliwa baadaye mtaona ni maneno ya mzaha tu. Siku zile maneno kama hayo yaliweza kuwa mzaha, na yaliweza kuwa hukumu, na hata msemaji mwenyewe huenda hakujua ni lipi hadi siku yenyewe ifike. Chini ya bwawa maji yanakwenda kasi. Msimamizi hakujua kuogelea.

Nilimwambia nitakwenda kambini kusema ukweli. Nilikuwa nimeshapanga maelezo, nikianza na chokaa.

"Kaa chini," alisema. "Leo ni Jumatano. Funga strima."

Nikafunga mbili, nikazivuta kwa vidole, zikafumuka zote. Mshona Nyavu akaja akasimama mlangoni.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile ya mzee. Wewe uliharibu siku ulikuja."

"Nimeshaimaliza, mama. Ni mbovu."

"Mbovu ni juu. Chini ya takataka yako iko mkono ya mzee. Toa yako, mwana wange, pole pole, uone yeye alisimama wapi."

Nilikitoa kile kiberiti. Nikaibana ndoana kwenye jiliwa, nikachukua sindano ya kushonea nyavu na kuanza kufumua kazi yangu mwenyewe. Hofu ilinitoka kidogo kidogo na mahali pake pakaingia hamu ya kujua. Nilihesabu mizunguko yangu ya uzi: ilipita sitini. Nywele nilizoongeza zilitosha strima nne. Kisha nikafika mahali ambapo uzi ulibadilika. Ulikuwa umepakwa nta, umelala mzunguko kando ya mzunguko kama jamvi, nami nikajua nimefika kwake.

Hapo niliona niliyopaswa kuyaona siku ya kwanza. Kwanza, Fundi Mkuu hakuweka kitu juu ya chuma kitupu; alitandika uzi kwenye shina lote la ndoana, ili nywele zipate pa kushika. Mimi nilifunga juu ya chuma laini, ndiyo maana nywele zangu zilizunguka upande. Pili, nywele zake zilikuwa fungu jembamba kama njiti ya kiberiti. Ukifunga fungu nene, uzi unazibana za nje tu, na za katikati zinatoka kama majani kwenye mganda uliolegea. Tatu, mikato ya nywele zake ilikuwa ya mteremko, hivyo uzi ulishuka juu yake bila kuruka. Na la nne lilinifanya niweke sindano chini: kati ya mwisho wa nywele na jicho la ndoana alikuwa ameacha nafasi tupu, upana wa jicho mara mbili. Nafasi ya kichwa. Mimi niliiona siku ya kwanza nikadhani ni upungufu, nikaijaza. Kila nilipoogopa, niliongeza.

"Umeona?" aliuliza Mshona Nyavu.

"Nimeona. Mbona hukuniambia?"

"Mimi nashona nyavu. Nilijua mzee anajua. Alijua nini, sikujua."

Alhamisi na Ijumaa nilifunga sita. Nilibana kila fungu kwa kidole gumba na cha shahada juu ya ndoana, nikapitisha uzi katikati ya vidole ukiwa umelegea, kisha nikauvuta kwenda juu ili nywele zisihame. Mizunguko sita, si zaidi. Mkono uliomba wa saba, niliukatalia. Msimamizi alizichukua moja moja, akazitundika kwenye msumari wa mlango na kuvuta nywele kwa nguvu. Hazikutoka.

Jumamosi aliondoka na Meja, mwavuli mkononi. Aliponiona najiandaa kumfuata alisema, "Baki." Nilibaki. Nilifagia chumba mara tatu. Mshona Nyavu alishona tundu moja, akalifumua, akalishona tena. Ndipo nikajua kwamba naye anaogopa.

Alasiri tulisikia gari. Msimamizi aliteremka peke yake, suruali kavu, amebeba kisinja aliyefungwa kwa majani. Aliweka strima tano mezani kwangu.

"Ya sita imekwenda na samaki. Mshipi ulikatika. Kichwa hakikufumuka."

"Na Meja?"

"Meja amepata hadithi. Samaki yule alikuwa hivi," alionyesha kwa mikono, "tulipofika darajani alikuwa hivi. Hatatusumbua mwezi mzima."

Nilimuuliza swali lililonisumbua tangu Jumatano: kwa nini alisema ni yeye?

"Kwa sababu wewe ungeanza kueleza," alisema, akaenda kumkata samaki.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa Mbale, chini ya Ofisa Samaki wa Wilaya, mtu mfupi, mkali, aliyesema, "Kijana, samaki hajasoma ripoti yako." Kule nilitunza mabwawa ya kufugia, na kazi ya strima niliiendeleza kwa ajili ya vijito vya mlimani, penye samaki wa maji baridi. Strima za huko zilikuwa ndogo, na nywele zake nilizipata soko la Nakaloke, kwenye mikia ya mbuzi wa kahawia. Msimamizi wangu wa Jinja alistaafu akiwa hai na mzima, jambo ambalo katika miaka ile sikulihesabu dogo. Jeshi liliondoka madarakani, nami nikabaki kazini muda mrefu. Nilifundisha watu wengi, na wote mwanzoni walifanya kosa langu. Hakuna anayeanza kwa kuweka kidogo.

Jambo moja sijalimaliza hadi leo. Fundi Mkuu alikuwa na asubuhi nzima siku ile. Kufunga kichwa ni kazi ya dakika mbili. Aliishiwa na moyo? Aliitwa na familia? Au alijua kwamba strima iliyokamilika huficha kazi yake yote, na iliyokatizwa huionyesha? Nimeligeuza swali hili kila upande, na sina wa kumuuliza.

Siku ya kustaafu nilisafisha jiliwa, nikafunga strima hadi pale kichwa kinapoanzia, nikauacha uzi unaning'inia. Ofisa mpya, binti aliyetoka chuoni mwaka ule, aliingia akaiona.

"Mzee, hii hukuimaliza?"

"Bado."

"Nikumalizie?"

Nilikuwa na majibu matatu. Nikaukumbuka mzunguko wa saba, nikayaacha.

"Itazame kwanza," nilisema, nikamshika mkono, nikatoka.

Kabla sijafika langoni nilisikia mkasi ukikata nywele. Nilisimama. Nilitaka kurudi nimweleze. Kisha nikaendelea kutembea. Chochote atakachofunga juu yake, siku atakapokifumua ataikuta nafasi ipo.