Mkono wa Mama Chupa

Uzi mwekundu ulifungwa kwenye kishikio cha kikombe kwa mafundo mawili, kazi ya mtu aliyekusudia usifunguke. Mama Chupa akakigeuzageuza kikombe chake. Miaka kumi na tisa ameosha vioo vya maabara hii, hata jina lake la kuzaliwa likasahaulika; na kwa miaka mitatu sasa, baadhi ya chupa alizoosha zilibeba majimaji ya goti lake mwenyewe.

"Huu uzi ni wa nani?"

"Dada'ngu, usinichimbe," mpika chai akajibu. "Nimeambiwa chako kikae peke yake. Kesho kuna wageni."

"Umeambiwa na nani?"

Mpika chai akainua kidevu kuelekea chumba cha Daktari, kisha akajitia kutafuta sukari iliyokuwa mbele ya macho yake.

Lau aliyeagiza uzi angekuwa mtu asiyejua, Mama Chupa angecheka yakaisha; ujinga una dawa. Lakini Daktari! Mwanamke aliyewafundisha wengine kwamba soriasisi, ugonjwa uliompata Mama Chupa, si upele wa kuambukizana, bali ni kinga ya mwili iliyokosa adabu, mlinzi anayempiga mwenye nyumba, akimchubua ngozi na kumvimbisha viungo! Langoni kulikuwa na bango la maneno yake, kwa herufi kubwa za kutosha kusomwa hata na kipofu: HAUAMBUKIZI.

Ugonjwa ulimwanzia kidole cha pete. Kilivimba kikawa kama mhogo, ikabidi sonara aikate pete kwa msumeno. Kila asubuhi alihitaji saa nzima kukunjua ngumi. Alipoambiwa watafiti wanataka kujua ni chembe gani za mwilini zinazowasha moto ndani ya viungo kabla mifupa haijaliwa, hakusita. "Kama moto huu una mwashaji, na ajulikane," alisema. Sindano waliyompa kila mwezi ndiyo iliyomwezesha kushika tena chupa bila kuiangusha. Nje ya utafiti, sindano ile ilikuwa ndoto.

Akaenda na kitambaa chake kufuta meza za ukumbi. Ukutani akajikuta anatazamana na mkono wake. Picha ilikuwa ndefu kama mtoto wa miaka miwili: kovu la kioo kwenye kidole gumba, magamba meupe juu ya mafundo ya vidole, kucha zenye vishimo kama kastabini.

"Shikamoo, Mama Chupa!" Daktari aliingia na karatasi mkononi. "Umeona? Mkono wako umekuwa nyota. Wageni wataanzia hapa."

"Marahaba, mwanangu. Na mwenye mkono?"

Daktari akatazama saa. "Kesho pumzika stoo kidogo, Mama. Unajua tena wageni, wengine wana kinyaa."

"Wageni ndio waliofunga uzi?"

Daktari akaiweka karatasi mezani.

"Ni utaratibu tu," akasema. "Hebu tia saini hapa. Fomu ya ridhaa ya awamu mpya. Goti tutalitoa maji keshokutwa."

Mama Chupa akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza.

"Mama, ni ileile ya zamani."

"Ya zamani niliisoma pia." Akasukuma karatasi mbele. "Nisomee kifungu cha tisa. Macho yangu yamechoka."

Daktari akasoma, na sauti yake ikapungua kila neno: mshiriki anaweza kuondoa picha zake wakati wowote, bila kutoa sababu, bila kupoteza matibabu.

"Goti nawapa," Mama Chupa akasema, akitia saini. "Halina ugomvi na mtu, na huenda mtoto wa mwenzangu akapona kwa maji yake. Mkono narudi nao."

"Mama! Wageni ni kesho!"

"Bila kutoa sababu. Umesoma mwenyewe."

Akaanza kuibandua picha, pembe moja baada ya nyingine, vidole vikimlalamikia. Pembe ya mwisho ilikuwa juu. Daktari, labda kwa aibu, akanyoosha mkono amsaidie. Punje mbili za magamba zikamdondokea kwenye pindo la mkono wa koti, naye akauvuta mkono kama aliyegusa jiko. Mara moja akajua alichofanya. Mama Chupa naye akajua. Vyeti vyote vile, na mkono ulikuwa bado haujaenda shule!

Mama Chupa aliiviringisha picha, akaitia kwapani, akarudi jikoni. Mafundo yalimshinda kwa vidole, akaukata uzi kwa meno. Kisha akakiosha kikombe, akakiweka kwenye sinia katikati ya vile vingine kumi na moja, vyeupe vyote kama chake, akalizungusha sinia mara tatu.

Mpika chai akashika kichwa. "Mama Chupa! Sasa chako ni kipi?"

"Muulize Daktari," akasema. "Ana hadubini."