Atuganile na Mzungu wa Kupima Akili

“Neno moja tu, baba Asukile. Baba yako angesema, ‘Huyu ni mke wa mwanangu, mila haimruhusu kunitazama.’ Mzungu angetafuta mkalimani mwingine, mambo yakaisha.”

“Baba ni mwinjilisti,” Lutengano akamjibu mkewe. “Unataka atangaze kuwa nyumba yake bado inafuata mila?”

“Inafuata au haifuati? Juzi nilipokutana naye njiani, nani aliyejitupa kwenye upupu ili kumpisha?”

Lutengano akaanza kujikuna mguu, utadhani upupu ulimwingia yeye.

Atuganile akaendelea kumenya maharage, akiyatupa kwenye ungo kana kwamba kila punje ina kosa lake. Mwaka ule wa hamsini na sita alikuwa na miaka ishirini na minane, na juu ya kitanda chake ilining’inia kamba ya mgomba yenye mafundo arobaini na moja. Kila fundo ni mtoto aliyempokea kwa mikono yake. Shika fundo lolote, atakwambia mama yake nani, alizaliwa masika gani, alitanguliza kichwa au miguu. Mmoja alimpokea ndani ya lori la mpunga lililokwama Igawa, na waliokuwepo huapa kwamba mtoto yule alimshukuru kwanza ndipo akalia. Darasani hakukaa hata siku moja. Kiswahili alikiokota sokoni Chimala, akiuza ndizi.

Alichotaka duniani ni kimoja, kwenda Iringa kufundishwa ukunga. Misheni ilikuwa na nafasi mbili, na walioomba walikuwa tisa.

Hapo ndipo alipotokea yule mwanafunzi wa Kizungu, mtu mzima mwenye ndevu lakini bado yuko shule. Chuo alishamaliza, akarudi tena kutafuta shahada ya pili kwa kupima watu wa milimani, wanafikiri vipi na kama wana raha. Masanduku yake yalikuwa mazito hata gari likapanda mlima wa Mbeya kwa magoti. Mama mkubwa wa misheni, aliyetakiwa kuwachagua wawili hao, akaona kazi yake imerahisishwa. Wapimwe wote tisa, wawili wa kwanza waende.

Siku ya kupimwa Atuganile alijipaka mafuta, akabisha hodi, akaingia. Kabla hajakaa akaviona viatu chini ya meza. Viatu vya Fanueli, baba mkwe wake, aliyewekwa pale kuwa mkalimani, ambavyo hulia kama bata hata mwenyewe akiwa ameketi. Akajifunika khanga kichwa kizima, akaugeukia ukuta.

“Mbona ageukia ukuta?” mzungu akauliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni.

Wiki nzima Fanueli alikuwa amejisifu kwa mzungu huyo kwamba nyumbani kwake mambo ya kizamani yamekwisha. Akakohoa.

“Ni mzito kidogo, bwana. Wengine ndivyo walivyo.”

Atuganile alisikia kila neno. Jibu likamjaa mdomoni kama ugali wa moto, lakini tangu aolewe, miaka kumi, hakuwahi kufungua mdomo mbele ya mzee yule. Zikaja picha. Kwa jicho moja, pembeni mwa khanga, akamwona mwanamke aliyechorwa bila sikio. Akaulizwa kimepungua nini. Kimya. Vikaja vibao vya rangi vya kupanga. Kimya. Mzungu akatazama saa, akaandika.

“Akili ya mtoto wa miaka sita,” akamwambia Fanueli taratibu, kama anayetoa pole. Akauliza kama mwanamke ana malalamiko yoyote maishani mwake, akangoja, na alipoona hajibiwi akaandika kwamba ameridhika.

“Ameridhika,” Atuganile alirudia sasa, akisukuma ungo kwa mguu. “Nimeridhika, baba Asukile? Nitazame vizuri.”

“Usinitie kati.”

“Ulijitia kati mwenyewe siku ile ulipolipa ng’ombe wa mahari. Gari la mzungu linaondoka leo mchana. Nenda kamwambie anipime tena, sisi wawili tu. Kiswahili ninacho. Nitampangia vibao vyake mpaka aniombe niache.”

“Na baba?”

“Baba yako ataaibika siku moja. Mimi nitakuwa mtoto wa miaka sita mpaka nizikwe.”

Lutengano akaitazama ile kamba ya mafundo. Akasimama, akavaa kofia.

“Haya,” akasema. “Nitamwambia hivi. Nitasema, mzee Fanueli ni...”

Nje vikasikika viatu vikilia kama bata. Atuganile akavuta khanga, akaugeukia ukuta.

“Hodi humu,” Fanueli akasema, ameshaingia. “Lutengano, njoo tumsaidie mzungu kupakia masanduku, gari limeshawashwa. Mlikuwa mnasema nini?”

Lutengano akaivua kofia.

“Maharage, baba. Tulikuwa tunasema habari za maharage.”