Swali Nililolitupa Kutoka Jikoni

Naishi ua mmoja na historia ninayoitamani kuliko kitu chochote, na siruhusiwi kuitazama usoni.

Baba mkwe wangu aliendesha treni kabla ya kurudi Ngana kulima kakao. Alikuwa kijana, msaidizi wa dereva, vilipoletwa kwenye reli ya Mbeya vichwa vya kwanza vya dizeli na umeme. Mimi ni mwandishi wa riwaya, na nilitaka kukiandika kichwa kile jinsi wenzangu wanavyowaandika watu waliowapenda. Lakini kwetu Wanyakyusa mke wa mwana humcha baba mkwe. Haketi naye, hamtazami, hasemi naye. Wengi mjini wameyaacha haya, ila nyumba niliyoolewa haijayaacha. Nikimwona mzee anakuja njiani, naingia migombani mpaka apite.

Basi nikawa namtuma mama mkwe. Nilimpa swali jikoni, akalibeba mpaka barazani, akarudi na jibu.

"Amesema vile vya zamani nguvu ilipitia kwenye mafuta. Hivi vipya, kwenye umeme."

"Na umeme unatoka wapi, mama?"

Akaenda, akarudi. "Dizeli inaupika."

"Inaupikaje?"

"Mwanangu, wali unaungua."

Nilikuwa namsikia mzee kule barazani akieleza kwa kirefu, sauti ikipanda na kushuka. Kilichonifikia kilienea kiganjani.

Ndipo akaja mwenzangu wa kikundi chetu cha waandishi pale Kyela mjini, binti wa kutoka Lyulilo. Alinitembelea na chungu kipya na samaki wa ziwani, na kwa kuwa mwenyewe nilikuwa nimemsimulia habari za mzee, hakukaa nami hata kidogo. Hakuwa mkwe wa mtu pale. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akamwamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, baba. Nisimulie treni."

Wepesi ule! Nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa baraza, nawapaa magamba samaki wake, na kila gamba nililong'oa nilitamani liwe neno lake.

"Vichwa vya mwanzo," mzee alianza, "injini ilisukuma mafuta, si yale inayoyachoma, na mafuta hayo yakazungusha magurudumu. Ule mlima wa kutoka Mlimba ulivitoa jasho. Hivi vingine vilipokuja, injini haikugusa gurudumu kabisa. Kazi yake kuzungusha jenereta tu. Umeme unashuka chini kwenye mota, kila ekseli na mota yake. Ukivuta mkono wa nguvu unasikia mvumo, basi. Unadhani hakuna kitu. Kumbe mabehewa yameshaanza kuondoka."

"Kama mwanamume asiyesema sana," mwenzangu akasema.

"Kama mwanamume aliyeshiba, mama!"

Wakacheka. Sijawahi kumchekesha baba mkwe wangu. Mgeni alimchekesha kabla chai haijapoa.

Kisha akaanza kuyapoteza maswali. Kichwa kilikuwa na rangi gani? Mlikula nini njiani? Je, kina mama walikuwa wakiwapungia mikono? Mzee alijibu yote kwa upole. Kupanda mlima kila mtu hukusifu. Mimi nilitaka kujua kushuka: mzigo wote ule mgongoni, na mteremko mbele. Nikamsikia mwenzangu anavuta pumzi ili aulize tena juu ya chakula, na kabla sijajizuia mdomo wangu ulikuwa umeshasema, kwa sauti iliyovuka ukuta:

"Na kikishuka? Kilizuiwaje?"

Mama mkwe, aliyekuwa anachochea moto, alijishika mdomo. Kule barazani kigoda kilikwaruza sakafu. Nilingoja kusikia miguu ya mzee ikiondoka kwenda shambani, na hadithi ikiondoka nayo.

Alikohoa.

"Mgeni," akasema, "umeuliza vizuri sana. Kushuka ndiko kulikotufundisha kazi."

Akaeleza yote. Kwamba mota zinageuziwa kazi, gurudumu ndilo linaloizungusha mota, na mota inakataa. Kwamba umeme unaozaliwa hapo hauna pa kwenda, unapelekwa juu ya paa kugeuzwa joto, na feni zinapiga kelele kama mvua kwenye bati. Mara ya kwanza alifumba macho, dereva wake akampiga bega: "Fumbua, kijana. Kinajishika chenyewe."

"Na mikono yangu ilikaa hivi," akasema. "Huu hapa. Huu hivi."

Mwenzangu akaguna kwa raha. Mimi niliuona ukuta.

"Wewe," mama mkwe akaninong'oneza, "umeolewa, au umeajiriwa redioni?"

Tulipokutana tena Kyela mjini, kwenye meza yetu ya chai, mwenzangu alisoma alichoandika. Kilikuwa kizuri, na uzuri wake uliniuma. Alipofika kwenye sentensi, "Nikamuuliza: na kikishuka, kilizuiwaje?" mmoja wetu alipiga meza. "Hapo! Hilo ndilo swali la mwandishi!"

Wote wakamtazama yeye. Nami nikapiga makofi, viganja vikiwaka. Ningesemaje? Kulidai swali lile ni kutangaza, katika mji ambao shangazi za mume wangu wanauza mchele, kwamba nilimpazia sauti baba mkwe. Mzee alikwisha kunifunika aibu yangu kwa kumpa mgeni swali. Ningelivuta, ningebaki wazi.

Wengine walipoondoka, yeye alibaki. "Dada, swali lile ni lako. Nikuandike?"

"Thubutu!"

"Basi nikupe nini?"

Nilitaka kumwambia hakuna. Nilitaka aondoke na kurasa zake nzuri, apande bajaji, nisimwone mpaka mavuno.

"Alisema mikono yake ilikaa hivi," nikasema. "Ilikaaje?"

Alisogeza vikombe. Akauweka mkono wa kushoto juu ya meza, umelegea, kama umemgusa mtoto aliyelala. Wa kulia akaunyanyua kidogo, kisha akavikunja vidole viwili vya mwisho.

"Hivi viwili havinyooki," akasema. "Hukujua?"

Sikujua. Nawasha moto wa chai yake kila asubuhi, na sikujua.

"Rudia," nikamwambia. "Polepole."