Kiti cha Babu

Juzi nilikwenda kwetu Ibra nikamkuta Babu kakalia kiti cha plastiki katikati ya majlisi, chumba chetu cha wageni. Magoti hayamruhusu tena kukaa chini. Nikacheka kabla hata ya kumpa shikamoo.

Mchana mmoja wa utotoni, nyumba hiyohiyo ilinukia udi na halua ya moto, na vigelegele vilitoka jikoni vikafika mitendeni. "Babu kapata kiti Majlisi ya Shura!" alisema shangazi. Mimi majlisi niliyoijua ni yetu tu, ya mazulia na mito, isiyo na hata kigoda. Nikakimbilia langoni kusubiri gari lituletee hicho kiti.

Jua lilipopoa, Bibi alinifuata.

"Bibi, kiti kinakuja lini?"

Akanipangusa vumbi usoni. "Hakiji, mwanangu. Yeye ndiye anayekifuata Maskati, bungeni."

Nilidhani ananitania. Babu alikifuata miaka na miaka, nyumbani akija kama mgeni.

"Unacheka nini?" aliniuliza juzi.

"Kiti kimekuja, Babu."

Akautazama mto wa Bibi pale ukutani, ambao tangu tumzike hakuna anayeukalia.

"Kimechelewa," akasema.