Nimepiga Simu

Mtaani wanamwita Mama Pima, kwanza kwa ushonaji wake, pili kwa sababu hakupitisha habari bila kuipima. Alikuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa, watu mia mbili na sita. Ukiingia uvumi kwamba maji yametiwa sumu au shule imefungwa, alisimamisha cherehani, akatafuta namba ya wahusika, akauliza mwenyewe. Kisha aliandika jibu, na chini yake maneno mawili: Nimepiga simu. Huo ulikuwa muhuri. Hata wabishi walinywea.

"Mama Pima kapiga simu," seremala wa jirani aliwaambia wateja wake. "Nani abishe, mimi na misumari yangu?"

Siku moja kabla ya uchaguzi wa diwani, akiwa na pini mdomoni na suruali ya sare mkononi, ujumbe uliingia kutoka kwa wifi yake. "Wifi, kuna namba ya tarakimu sita imekuja kwako kwa bahati mbaya. Nirushie haraka."

Angepiga simu. Lakini wifi huyo hana mazungumzo mafupi: ataanza na salamu, apite kwenye mgongo unaomuuma, aishie kwenye harusi ambayo Mama Pima hakuhudhuria. Akairusha ile namba, akaendelea kupinda suruali.

Hakuwa wifi. Alikuwa mtu aliyekwisha kuiteka akaunti ya wifi, na sasa, kwa ile namba ya siri, akaipata na ya kwake. Kundi likanyamaza simuni mwake. Akadhani kifurushi kimeisha, na kwa wingi wa kazi akashukuru.

Kesho yake alasiri alienda kupiga kura. Foleni ilikuwa fupi, akafurahi. Aliporudi alimkuta seremala anapiga randa.

"Jirani, kura umeshapiga?"

"Kura gani? Si umesema ni kesho?"

"Nimesema wapi?"

Seremala akafuta vumbi la mbao mikononi, akamwonyesha simu. Jina la Mama Pima, picha yake, na ujumbe: Upigaji kura umeahirishwa hadi kesho, karatasi hazijafika. Nimepiga simu.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini vituo vifungwe. Seremala alitimua mbio na penseli sikioni. Mama Pima akagonga mlango kwa mlango. Shangazi mmoja, jirani wa miaka mingi, alimtazama juu hadi chini.

"Muhuri wako ninao hapa simuni, mwanangu. Sasa niamini haya ya mdomo?"

Mgombea aliyeahidi kuchimba mfereji wa mtaa alishindwa kwa kura kumi na nne. Mvua zilipokuja, maji yaliingia karakana, seremala akapandisha mbao zake juu ya meza. Siku ya kura aliukuta mlango wa kituo umefungwa, lakini hakumlaumu mtu.

"Na mimi nina simu, jirani," alisema tu.

Maneno hayo yalimkaa Mama Pima kifuani kuliko lawama. Miaka yote ile alipiga simu kwa niaba ya wenzake, akafurahia kuulizwa, na hakuna siku aliyomwambia mtu: piga mwenyewe.

Juzi uvumi mwingine ulizuka, kwamba orodha ya wapiga kura imefutwa. Seremala akaja mlangoni.

"Mama Pima, umepiga?"

Akamsogezea karatasi yenye namba ya ofisi ya uchaguzi. Seremala aliikodolea macho, akajikuna kisogo.

"Wakipokea, naanza kusemaje?"

Mama Pima akasimamisha cherehani, akamvutia kigoda.